Beringi ya Gurudumu la Kushoto

Mlandege, Iringa
2 Julai 1956

Kwa kaka yangu Bushiri,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, sisi hapa tunapumua. Baridi imeingia mpaka ndani ya mito ya kulalia. Wewe na wifi hamjambo? Goti lako bado linatabiri mvua?

Leo ni siku ya thelathini ya eda yangu. Nyufa zote za ukuta huu nimekwishazijua, na mbili nimezipa majina. Tangu mrudi Mbeya baada ya maziko, jambo moja limezuka. Shemeji Muharami anataka kumpa mhunzi wa Kalenga kile kigari cha marehemu Othmani, akifue majembe. Unakikumbuka: viti viwili, hakina paa, kizee cha mwaka 1934. Yule mzungu wa tumbaku alimwachia Othmani aliporudi kwao, badala ya barua ya sifa. Injini nzima. Kilichokufa ni gurudumu la mbele kushoto. Beringi yake imesagika, gololi mbili ninazo kwenye kopo la tangawizi, nyingine Mungu anajua.

Nilisema Othmani aliniachia mimi. Shemeji akasema hayo ni maneno ya mgonjwa. Tukapatana mbele ya Shehe: siku eda ikiisha, gari likitoka uani kwa magurudumu yake, ni langu, nije nalo kwetu. Lisipotoka, majembe.

Najua utasema nipande basi. Kaka, miaka tisa nimekaa hapa. Nikipanda basi nitarudi na sanduku moja kama mgeni aliyefukuzwa. Na kuendesha Othmani alinifundisha, njia ya Kalenga, mara nyingi, mpaka mbuzi wa huko wakanizoea.

Wewe unakaa katikati ya vyuma dukani kwenu. Nitafutie beringi. Kipimo ni huu uzi: fundo la kwanza ni tundu la ndani, la pili ni upana wa nje.

Mdogo wako,
Siwema


Mbeya
25 Julai 1956

Kwa mdogo wangu Siwema,

Nakuulizia hali, ingawa ya mtu aliye edani najua jibu lake. Wifi yako anakusalimu. Goti limetabiri mvua, mvua haijaja. Sasa hata goti siliamini.

Ungepanda basi. Nimesema, nimemaliza.

Dukani kwetu hakuna. Bwana anaweza kuagiza Ulaya, ifike baada ya Desemba. Nikaenda duka la pili, wakanipa mpya, imefungwa karatasi inayong'aa. Nilipoizungusha karibu na sikio ikalia kama mtu anatafuna mchanga. Ni kuukuu iliyooshwa kwa mafuta ya taa na kuvishwa nguo mpya. Nikamwambia mwenye duka, "Hii imeshazikwa mara moja." Akaniambia, "Basi irudishe, nitamuuzia mwingine." Mtu hana haya.

Ya tatu imetoka kwenye lori lililoanguka Chimala. Haina kelele, na kwa uzi wako inalingana. Naituma kwa basi. Mwambie fundi Kalinga asiigonge kwa nyundo.

Kaka yako,
Bushiri


Mlandege
14 Agosti 1956

Kaka Bushiri,

Hujambo wewe, hajambo wifi, hatujambo sisi. Tuyapite hayo upesi maana nimechoka.

Haikukaa. Ndani imeingia, nje inacheza. Yohane Kalinga, fundi aliyekuwa akifanya kazi na Othmani, aliizungushia bati la kopo, akasukuma gari hatua tatu, gurudumu likayumba kama mlevi wa ulanzi. Akakaa chini akaniambia kupitia dirishani, "Mama, uzi huu ulitoka wapi?" Nikasema pindo la kanga. Akasema, "Kanga gani?" Nikasema ile niliyoifua asubuhi. Uzi ulikuwa mbichi, kaka, na mimi nikauvuta; ulipokauka ukajikunja.

Shemeji huja kila jioni kulitazama gari, anabonyeza tairi kwa kidole kama anayechagua papai. Jana alikuja na mhunzi.

Sasa nimefanya hivi: upande wa beringi ile ya zamani kuna namba zimechongwa, zimefifia. Nimeweka karatasi juu, nikasugua kwa penseli. Namba zimetokea. Karatasi yenyewe ndiyo hii. Tafuta namba, usitafute uzi.

Mdogo wako,
Siwema


Mlandege
18 Septemba 1956

Kaka,

Salamu. Mwezi umepita na siku juu, sijapata neno lako. Kama unaumwa, mwambie wifi aandike. Kama umeshindwa, andika neno moja tu, nilale. Mhunzi ameanza kunisalimia kwa jina.

Siwema


Mbeya
2 Oktoba 1956

Mdogo wangu,

Siumwi, ila nina aibu. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika, na kila wiki nilidhani ya kesho itakuwa nalo.

Nimeipata. Nilikwenda na karatasi yako hadi Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu yaliyoachwa. Siku tatu nimelala kwa mlinzi mmoja mzee anayelinda mashimo ambayo hakuna anayeyataka. Ndani ya pampu ya maji iliyokufa, namba ile ile. Mlinzi alitaka kujua ninaipeleka kwenye mashine gani. Nikamwambia kwa mjane. Akatafuta spana mwenyewe.

Nimeizungusha sikioni asubuhi na jioni. Kimya. Basini vyuma vinaibwa, kwa hiyo nimeizamisha katikati ya kopo la samli, haitapata kutu wala mkono wa mtu. Kopo linaondoka leo, barua hii inafuata kwa posta. Usipike kwa samli hiyo!

Kaka yako,
Bushiri


Makambako
10 Oktoba 1956

Kaka Bushiri,

Salamu kutoka njiani. Natumai barua hii itanitangulia. Nampa dereva wa basi.

Samli ilifika Alhamisi. Barua yako ilifika Jumamosi. Katikati kulikuwa na Ijumaa, nayo ilikuwa hitima ya Othmani. Kwa sheria ya shemeji, kila chakula kinachoingia kwa mwenye eda hupitia jikoni kwake. Kopo likasogezwa motoni, likamiminwa lote kwenye sufuria ya pilau.

Yaliyofuata niliyasikia kupitia ukutani, wanaume walipokuwa wakila. Kijiko cha shemeji kiligonga kitu. Akasema, "Hii nini?" Shehe naye akauliza, "Muharami, nini hiyo?" Kalinga aliyekuwa anakula barazani akaja, akaifuta kwa shati, akaizungusha sikioni. "Haina kelele," akasema. "Ni ya kushoto."

Shehe alicheka mpaka akaomba maji. Shemeji akamtazama, maana mapatano yalikuwa mbele yake huyo huyo. Mwisho akasema, "Nimeshaila na wali. Siwezi kuikana."

Kalinga akaifunga beringi, na jana eda imeisha. Gari halikukubali kuwaka lenyewe. Aliyesukuma ni shemeji, kwa nguvu zake zote, mpaka barabarani. Lilipowaka alibaki nyuma ameinua mikono. Sikuelewa kama ananiaga au ananidai. Sikugeuka kuuliza.

Kiti cha pili amekaa Lea, mke wa Kalinga, anaimba nyimbo za kanisani kila mteremko. Kila maili kumi nashuka, naweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu. Ni vuguvugu tu, kama paji la mtoto aliyepona.

Mwambie wifi aweke maji ya kuoga, mengi. Na barua hii usiijibu. Mlandege hakuna mtu wa kuipokea.

Mdogo wako,
Siwema