Kitanda cha Pili Kule Ayalandi

Maman Rukiya,

Miaka minne nasoma barua za wenzangu katika safu yako huku nikisubiri mashine za wateja zimalize kuzunguka, na nawacheka kimoyomoyo, bon, leo ni zamu yangu, naomba unisaidie. Mimi ni fundi wa mashine za kufulia kwenye barabara ya Chaussée de Wavre hapa Ixelles, mtu wa Likasi, mke wangu Euphrasie anatunza wazee, na huko Ayalandi kuna kijiji ambacho shule yake iko karibu kufungwa kwa kukosa watoto, kwa hiyo kamati ya kijiji inawapangisha nyumba kwa bei nafuu watu wenye familia, na Euphrasie amepata kazi katika makao ya wazee ya jirani. Tuna binti wa miaka tisa, Larissa, aliyezaliwa pacha. Mwenzake, Kabange, alitutoka akiwa na miezi mitatu, kaburi lake liko hapahapa mjini, lakini kwetu pacha hasemwi amekufa, husemwa ametoka kidogo, na kila kitu tunanunua viwili, viatu jozi mbili, miswaki miwili, na fomu ya kamati niliijaza mwenyewe hivyohivyo, kwa mazoea, watoto wawili.

Likizo ya Carnaval, ile ya shule ya Februari, mwaka huu wa 2013, tulikwenda kutazama. Mvua, ng'ombe, na kimya cha kusikia saa ya mkononi. Mjane mwenye nyumba akafungua mlango, akatuhesabu kwa macho, akatazama nyuma yetu, akauliza, "Yule mwingine amebaki garini?" Chumba cha watoto kilikuwa na vitanda viwili, vyote vimetandikwa. Dukani mzee alimpa Larissa peremende mbili, akamwambia ya pili ni ya dada yake anayesubiri nje, nami nikageuka kutazama nje, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Usiku huo Larissa alilala katikati yetu. Asubuhi nikapita kile chumba, kitanda cha kwanza kilikuwa kama kilivyotandikwa, na mto wa kitanda cha pili umebonyea.

Larissa alishinda siku moja katika shule ya kijiji, basi, tukarudi. Wiki jana mwalimu ametuandikia kwamba darasa linawasubiri wote wawili: Larissa ni mpole, ila Kabange ndiye msemaji.

Euphrasie alisoma barua hiyo amesimama, kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia kwa miaka tisa.

"Tunaenda," akasema. "Hapa hakuna muntu hata moja anamuulizia. Kule walimutandikia."

"Maman, sisi tuko bantu tatu," nikamwambia.

"Hesabu tena, papa."

Kamati inataka jibu kabla Mei haijaisha. Nikikataa, namnyima mke wangu kile kicheko. Nikikubali, sijui napeleka watu wangapi.

Bertin, Ixelles

*

Bertin, pole kwanza. Kumzika mtoto kisha usiruhusiwe kusema umemzika ni mzigo, na nyie mmeubeba miaka tisa bila kuutua.

Sasa nikugombeze. Kijiji hakikuota, kaka yangu. Wewe ndiye uliyewaandikia una watoto wawili, nao wakatandika vitanda viwili, na katika kijiji kidogo hata muuza peremende anajua kilichoandikwa kwenye fomu. Wanahesabu vichwa ili shule yao isifungwe, na wewe umewaahidi mwanafunzi asiyeweza kuja. Na huyo msemaji wa darasani, mimi nasema ni Larissa. Mtoto aliyelelewa kugawa kila kitu mara mbili atagawa hata sauti yake. Kuhusu mto, sijui, na sitajifanya najua.

Desturi yenu siichezei. Lakini kule Likasi, ukisema "ametoka kidogo", jirani anashusha sauti, anakuletea chakula, yaani ameelewa. Ukimwambia hivyo mtu wa Ayalandi, anaacha mlango wazi ili mtoto arudi. Na nina hofu binti yako naye ameuacha wazi.

Jumamosi hii mchukueni Larissa mpaka kaburini, asome lile jina mwenyewe. Msihutubie; jibuni atakachouliza. Mkirudi, kaa uiandikie kamati: tuna mtoto mmoja, nilikosea, kitanda cha pili kiondolewe, kama bado mnatutaka tuambieni. Usiitume. Mpe Euphrasie aisome, na atie sahihi kwa mkono wake. Usimshike mkono, usimnunie, na usimsomee barua yangu hii kwa sauti kama mahubiri.

Akitia sahihi, itume, na kamati ikikubali, hamieni. Wazee watatunzwa, na mashine za kufulia zinaharibika hata Ayalandi. Akikataa, ujue hakitaki kijiji, anakitaka kitanda, na hapo msihame hata kwenda Molenbeek, humuhumu mjini.