Kamba ya Sizali ku Mupini wa Kisu

Siku ya kwanza ya juma, 5/10/1953
Mvula tena. Tulichuna maganda ya kinini, ule muti wa dawa ya malaria, upande wa chini, ku muteremuko. Kisu imenitoka mukononi mara mingi. Mupini wa muti ukishalowa na maji ya maganda, unateleza sawa sabuni. Mara ya mwisho ilianguka karibu na muguu wa Bahati. Huyu Bahati njo mwenzangu wa kazi: yeye anapiga muti na nyundo ili ganda iachie, mimi nachuna. Akasema, "Kaka, unataka kuniua?" Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika na mvula, na kisu, na yeye.

Siku ya pili, 6/10
Leo niliondoa mupini wa muti. Nikaacha chuma tupu, nikazungusha kamba ya sizali, ile tunashonea magunia. Nilivuta na meno. Niliifunga ingali kavu, ikilowa itakaza yenyewe. Kisu imekuwa nyepesi. Tena kamba ikichakaa, nakata, nafunga ingine, hakuna haja ya fundi. Hasara yake sijaiona.

Siku ya ine, 8/10
Kisu haianguke tena! Ninachuna mbio kuliko wote. Lakini asubui kulikuwa fujo. Kwetu visu vyote vinalala mu kitunga kimoja, na kesho kila muntu anakamata yenye mukono wake unakuta. Sasa wote wanataka ile ya kamba. Bahati aliifikia mbele, mama moja akaivuta, karibu wakatane. Kapita, musimamizi wetu, akapiga kelele, kisha akashika kisu, akaigeuza, akaniambia nifunge vyote. Mbele ya wote! Nilirudi nyumbani natembea sawa bwana-arusi.

Siku ya posho, ya sita, 10/10
Kutwa nzima kufunga visu. Bibi yangu wa ndoa, Mama Furaha, alinishikia kamba. Yeye ni wa upande wa Walikale, kule chini mu pori, na kinywa chake hakina mulango. Anasema kwao wanafunga visu na kekele, kamba ya pori, lakini wanaparuza kwanza mpaka inakuwa laini. Sizali, anasema, inakula mikono. Nilimujibu apike sombe yake, visu aniachie mimi.

Siku ya kwanza, 12/10
Wamama walianza kulalamika mbele jua haijasimama. Kisha wanaume. Eti kamba inakula mikono. Eti inakunywa maji ya kinini na mukono unanuka. Saa ya kula, kila muntu alikamata ugali na ule mukono, ugali ikawa chungu sawa dawa. Walitema, walinitukana. Nilicheka mpaka machozi. Nikawaambia wako na mikono ya mapadri. Mimi natumia kisu hii tangu siku ya pili ya juma lililopita na sijasikia kitu.

Nilijisifu hivyo, kwa sauti kubwa.

Siku ya pili, 13/10
Siwezi kuandika muzuri. Mukono umefungwa kitambaa.

Bahati alikataa kushika kisu. Akafungua mikono yake, nikaona malengelenge, mengine yamepasuka. Nikamuambia aache uvivu. Akasema, "Basi tuone ya kwako."

Nikafungua.

Upande wa kidole kidogo hakukuwa ngozi. Nyama tu, na nyuzi za sizali ndani ya nyama. Mama moja akafunika kinywa. Bahati akauliza polepole kama inaniuma. Nikajibu hapana. Ilitoka mbele sijafikiri. Hakuna aliyenicheka, na afazali wangecheka.

Mujomba wangu alianza hivyo. Alikuwa anakamata kaa la moto na vidole, anawasha kiko, sisi watoto tunapiga makofi. Halafu wakamujengea kibanda nyuma ya migomba. Halafu wakamupeleka ku kambi ya bakoma. Hakurudi.

Naogopa.

Siku ya tatu, 14/10
Sikwenda kazini. Niliuma kidole kidogo na meno. Hakuna. Kile cha pili yake, hakuna. Kidole gumba iko muzima. Basi haikuwa mvula wala muti. Visu vilikuwa vinanitoka sababu vidole havikuwa vinajua kama vimeshika. Na mimi nikawafungia watu wote kamba! Wao ikawauma njo wakajua. Mimi ningekatika mukono nikiimba.

Bibi nimemuambia ni kidonda tu.

Siku ya tano, 16/10
Nimekamatwa. Niliondoa sufuria ya maharagi ku moto bila majani ya kushikia, na mikono mitupu. Mama Furaha alinitazama. "Baba Furaha, sufuria iko inachoma." Nikaiweka chini. Nilikuwa nimechelewa. Akakamata mukono wangu, akaona kidonda cha zamani na kile kipya. Hakupiga kelele. Alikaa chini akalia, na mimi nikaenda kupasua kuni.

Kaka zake wakisikia, watapanda kutoka Walikale wamuchukue, yeye na mutoto. Kwa shangazi yake, bwana wake alipougua hivi, walifanya vile. Nyumba ikabaki na panya.

Siku ya Yenga, 18/10
Sikwenda ku misa. Mama Furaha alikwenda peke yake, akarudi amekwisha kukata shauri: tunakwenda ku dispanseri. Nilikataa. Kule watanishika wanipeleke ku kambi. Akasema, "Ao tunakwenda wote, ao narudi kwetu sasa hivi, mbele hawajaja kunichukua. Chagua." Nilimukasirikia siku nzima. Jioni nikasema sawa.

Siku ya tatu, 21/10
Tumetembea tangu giza. Muganga ni kijana wa kwetu, aliyesoma. Akaniambia nifunge macho, atanichoma na sindano, niseme nikisikia. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikamuuliza kama ataanza saa ngapi. Alikuwa amemaliza.

Bukoma. Alilisema neno waziwazi, Mama Furaha amekaa pale pale.

Lakini siku hizi kuko vidonge. Nikivinywa bila kukosa, nikirudi kila mara anapoita, ugonjwa utasimama na sitakwenda ku kambi. Nitalala kwangu. Vidole vilivyokufa, hajui kama vitafufuka. Akaangalia na mutoto: muzima. Akaniambia kila jioni nitazame mikono kwa macho, maana yenyewe haitanipasha habari tena. Kisu niache kwanza. Kisha iwe mupini munene wa muti, na kitambaa laini juu. Kamba hapana, hata siku moja.

Tukarudi nyumbani. Alibeba mutoto, mimi nilibeba vidonge.

Siku ya tano, 23/10
Nilikwenda mwenyewe kumuambia kapita. Alirudi nyuma hatua, lakini hakunifukuza. Amenipa kugeuza maganda ku uwanja wa kukausha, na panda ya muti, mbali kidogo na watu. Visu vyote vimerudishiwa mipini ya muti. Bahati nilimuambia pia. Alitazama chini, akabeba nyundo yake, akaenda kufanya kazi na mwingine. Saa ya kula nilikaa peke yangu. Iliniuma sana, sitajidanganya.

Siku ya Yenga, 25/10
Kaka mukubwa wa Mama Furaha alikuja jana. Alikaa inje na dada yake muda murefu, mimi nilibaki ndani na mutoto. Sikusikia maneno yao. Nilisikia tu kama Mama Furaha njo alikuwa anazungumuza zaidi. Kisha kaka akaomba kasiksi, pombe ya ndizi, akakunywa, akalala. Asubui ameshuka Walikale peke yake.

Leo mvula kidogo. Tulikula maharagi na viazi. Kisha Mama Furaha akavuta kiti karibu na mulango, penye mwangaza, akasema nilete mikono. Akageuza mumoja, akageuza mwingine. Akashika kidole kidogo. Nilimuona anakishika. Akapanda polepole ku kiganja, akiniuliza na macho, na mimi nikitikisa kichwa: hapana. Ku kifundo cha mukono, kidogo juu yake, nikamusikia.

Vidole vyake vilikuwa baridi. Alikuwa ametoka kuosha muhogo.