Uji wa Baba Firdausi

Wifi yangu Adija,

Huku Kasulu tu wazima. Mvua zimekatika, maharage yamekauka vizuri, na Firdausi ameng'oka jino la mbele.

Jana kaka yako alishindana mbio za baiskeli kwa mara ya kwanza. Miezi mitatu alikuwa akitoka alfajiri kwenda Kitanga, eti mazoezi. Lakini wifi, mtu apande vilima vyote vile, halafu arudi ameshiba, uji wangu hata asiuguse?

Aliniambia nimsubiri hapa mjini mbio zinapoishia, maana vumbi la Kitanga litamdhuru mtoto. Nikapanda bodaboda na Firdausi, tukaenda hukohuko Kitanga.

Alipita wa nne, jasho linamtiririka. Wanawake wa pale wakapiga vigelegele: "Kanyaga, Baba Saady! Kanyaga!" Akawapungia mkono huku anacheka. Aliponiona mimi, mkono ukashuka.

Leo asubuhi amekunywa uji vikombe viwili bila kuambiwa.

Wifi, mimi nimezaa mtoto mmoja tu. Tangu jana ananiuliza Saady ni nani. Nimemwambia shangazi yake anajua, atatuandikia.

Ni mimi,
Mama Firdausi