Kupanda Newala kwa Kusukuma

Mdogo wangu Baba Asha,

Kosa la wengi wanaotoka Masasi kwa baiskeli ni kung'ang'ania kuupanda mlima wa Newala bila kushuka. Jana nami nililifanya, miguu ikagoma katikati. Bwana mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji akasimama kando yangu.

"Shikamoo, mzee. Huu mlima umekukosea nini?"

"Marahaba. Nataka kuumaliza."

"Utakumaliza wewe! Hata sisi wa hapa tunasukuma. Shuka, twende."

Nikashuka. Huku juu maji ni ya shida, kwa hiyo wenyeji huyafuata bondeni, wakarudi wakisukuma na kupumzika kila kona. Hakuna anayeona aibu. Kileleni yule bwana alinigawia muhogo wa kuchoma, tukala tukitazama bonde la Ruvuma. Keshokutwa nitakuwa Mikindani, ufukweni.

Tangu mguu wako upone hujagusa baiskeli, unaogopa watu watakuona ukishuka penye mwinuko. Mimi kaka yako nimeshuka mbele ya watu, na nimefika. Mungu awalinde nyote, nawapenda sana.

Leo jaza upepo magurudumu ya baiskeli yako, uende nayo hadi sokoni.