Heshima Yangu ya Mwezi Mzima

Dodoma, Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Koku,

Nakusalimu wewe kwanza, kabla ya ng'ombe na kabla ya migomba, usije ukasema tena kwamba nauliza migomba kwanza. Goti lako la kushoto linaendeleaje na mvua hizi? Na kifua cha dada yangu kimepoa? Mimi ni mzima kabisa. Huku kuna vijana wakiinama kidogo wanashika kiuno. Mimi nainama asubuhi, nikiinuka ni mchana na kazi imekwisha.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi moja moja, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Wiki iliyopita ulisema, "Pesa imeingia nusu. Nusu nyingine anakula nani huko?" Nikavuta pumzi nikujibu, ukakata. Karatasi haina pa kukata. Kaa chini, nyoosha hilo goti, usome polepole.

Anayekuletea barua hii ni Ta Projesti, fundi baiskeli wa Kanoni, alikuja kumwona binti yake aliyeolewa huku. Mpe chakula, halafu muulize habari za migomba yangu. Bosi alipokuja kunichukua alisema anataka nyuma ya nyumba yake pawe kama kwao Muleba. Watu wa hapa wakacheka. Wakasema ardhi hii inajua zabibu na uwele, ndizi haitaki. Sasa wanakuja kupiga picha. Mkungu wa kwanza tulibeba watu wawili, na mmoja alikuwa mimi.

Sasa habari ya pesa. Sisi watu wa kahawa, pesa tunaijua inakuja mara moja kwa mwaka kama mgeni mkubwa. Unamchinjia, unamsindikiza, unamsubiri mwakani. Hii ya mshahara inakuja kila mwisho wa mwezi, na mimi nikawa naichinjia kila mwezi. Aliyeliona hilo ni Mama Tunu, mama anayeuza chakula nje ya geti letu. Usikunje uso. Ana mume, seremala, mwenye mikono kama mihimili, na mimi meno yangu yaliyobaki nayapenda.

Huyu mama kila anachonunua anakiingiza kwenye simu yake, nyanya, mkaa, mpaka kibiriti. Siku moja akaniuliza, "Mzee, mshahara wako unaendaga wapi?"

"Unaenda mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

Nikamega tonge jingine. Mtu wa heshima hajibu huku anatafuna.

Basi akaichukua ile simu ya kupangusa niliyopewa na bosi, akaniwekea programu ya bajeti, wenyewe wanaiita apu. Unaiambia mshahara ni kiasi gani, halafu unaugawa kabla hujaugusa. Nyumbani, chakula, matibabu, nauli. Palikuwa na sehemu imeandikwa burudani, nikamwambia afute, mimi si mtoto wa disko. Aandike heshima.

"Heshima ni matumizi gani, mzee?"

"Ni ya kuonekana mtu."

Nikamweleza. Shati langu la kupigwa pasi na dobi. Soda na bia za wenzangu. Na mchango wangu kwenye mkutano wa watu wa Kagera tulioko huku, maana pale majina yanasomwa kwa sauti na kiasi ulichotoa, na mimi, mkulima kutoka Ihembe, nasomwa wa kwanza, juu ya maofisa na wafanyabiashara wa Bukoba. Akaingiza yote. Simu ikachora duara kama chapati iliyokatwa vipande, na kipande chekundu kilikuwa kikubwa kuliko cha chakula.

"Mzee," akasema, "heshima yako inakula kuliko wewe."

Nikamwambia chapati imekatwa vibaya. Nikaiacha hivyo hivyo.

Halafu akanifungulia kibubu humo humo kwenye simu. Nikamwambia kibubu kimeitwa hivyo kwa kuwa hakisemi. Hiki cha kwao kila Jumatatu kinaniandikia, "Hongera, unakaribia lengo lako." Kibubu gani kinaongea? Lakini siku hizi Jumatatu nakisubiri. Kiliuliza jina la lengo, nikaandika mwenyewe, bila kusaidiwa, BUTURA.

Mama Tunu akauliza, "Hicho ni kijiji chenu?"

Nikamwambia hapana, ni ugonjwa wetu. Ni kuuza kahawa ingali mbichi mtini kwa sababu umebanwa, mnunuzi anakupa bei anayotaka yeye, na ikiiva wewe unabaki kumlindia. Wewe na mimi tunajua tumelindia watu mara ngapi. Kibubu hiki ni cha mwezi wa tano, kahawa ikianza kuwa nyekundu, upate pesa ya wachumaji na ya kula, mpaka tuianike wenyewe na kuipeleka chama cha ushirika ikiwa kavu. Hiyo ndiyo nusu unayoulizia. Anayeila anaitwa kibubu, na havai kitenge.

Wakati wa kukifunga, simu iliuliza, "Huwezi kutoa kabla ya siku yenyewe, una uhakika?" Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, una uhakika? Mama Koku, mimi ni mzee wa kanisa, sijazoea kuulizwa jambo mara mbili. Nilibonyeza kwa nguvu mpaka Mama Tunu akaninyang'anya simu.

Ndipo Koku akanipigia kutoka kwa mumewe Isingiro. Kwamba upepo umebeba paa la jiko, unapikia sebuleni, moshi umekuingia machoni. Kwamba mnunuzi ameshakuja, amekaa kwenye kiti changu, anataka kahawa yote ya upande wa chini, na wewe umemwambia arudi Jumamosi ya wiki ijayo. Wewe hukuniambia. Ulikata kabla ya kufika hapo.

Nilikwenda kwenye kibubu mbio. Kikasema siku bado. Nikakiambia mimi ndiye mwenye pesa. Mama Tunu akafunika sufuria yake taratibu, akasema, "Mzee wangu, uliulizwa mara mbili."

Nilikaa kwenye benchi lake nikaangalia ile chapati, kile kipande chekundu.

Jana ulikuwa mkutano wetu. Majina yakasomwa mpaka mwisho, langu halikusikika. Mmoja mwenye duka akasema, "Ta Rugaba, leo migomba imekauka?" Wakacheka. Nikawaambia heshima yangu imesafiri, imekwenda Ihembe. Wakacheka zaidi. Nilikunywa maji. Maji ya Dodoma yana chumvi.

Kwa hiyo, waitu, mke wangu, ile pesa iliyoingia kwenye simu yako ya kitochi juzi, ambayo mpaka leo hujaniuliza ni ya nini, ni ya paa. Inatosha mabati ya jiko na misumari, ukimpata fundi asiye na maneno mengi. Mnunuzi akirudi Jumamosi mpe chai, mpe na ndizi, mwache amalize, halafu mwonyeshe njia. Asiguse hata punje moja. Na kile kiti kifute.

Nisalimie dada yangu, mwambie asilale mlango wazi. Msalimie Koku na mkwe wetu, na mwinjilisti aliyenifundisha kusoma nikiwa tayari na mvi, umwambie nimejaza karatasi nne bila kufuta. Hapo palipofutwa ni kalamu.

Mabati yakishawekwa, mvua ikinyesha ukae chini yake usikilize. Yatapiga kelele sana, kama mimi, na hayo hutaweza kuyakatia simu.

Mumeo,
Rugaba, mwenye migomba Dodoma nzima