Waya Unaokataa Angani

Jumatatu, 2 Julai 1956

Leo tumechuja petroli tena. Baba amimina kutoka kwenye pipa, mimi nashika faneli iliyotandikwa ngozi laini. Petroli hupita kwenye ngozi, maji hubaki juu. Leo yamebaki matone machache na sisimizi mmoja. Nilitaka kujua kwa nini ngozi hukubali petroli na kukataa maji. Baba asema hajui, ila haijawahi kumdanganya.

Ndege ni kuukuu kuliko mimi. Mabawa yake, moja juu ya jingine, ni mbao na kitambaa kilichopakwa rangi. Ukiyagonga kwa kidole yalia kama kigoma. Mwenyewe ni Mzungu wa shamba la minazi na mikorosho. Jina lake ni gumu, basi Diani nzima humwita Bwana Miwani kwa ile miwani mikubwa aivaayo akiruka. Baba ndiye mtunzaji wa ndege tangu nianze skuli.

Nimeingia ndani kupangusa viti. Kunanukia petroli na ngozi, na harufu nyingine ya nyumbani. Nimekaa nikiitafuta ni harufu ya nini. Sikuipata.

Jumatano, 4 Julai

Kuna jambo. Bwana Miwani amerudi kutoka Nairobi na hasira ya mtu aliyeogopa. Juu ya Taita mkono wa mafuta ulishika. Mkono huo uko ubavuni mwa rubani. Akiusukuma mbele injini hunguruma, akiurudisha hupoa. Kutoka hapo waya mwembamba hupita ndani ya ala ndefu mpaka kwenye kabureta. Alitaka kupunguza, mkono haukurudi. Alipokaribia pwani ukaachia wenyewe.

Ni mara ya pili. Mara ya kwanza alidhani ni mkono wa koti lake ulionasa.

Nikamuuliza Baba, na ukishika wakati wa kutua je? Akasema hapo ni kuzima injini na kumwachia Mungu.

Ameuvuta na kuusukuma mpaka magharibi. Laini. Nimejaribu mimi. Laini.

Sipendi kitu kibovu kinachojifanya kizima.

Jumamosi, 7 Julai

Tumetafuta siku nzima. Springi ya kabureta nzima. Kutu hakuna. Baba amenituma nipitishe mkono nyuma ya ubao wa saa zilizo mbele ya rubani, kwani wangu mwembamba. Nimetoa nyumba ya nyigu, ya udongo, imejengwa vizuri kabisa. Lakini haikuwa karibu na waya.

Mwisho Baba ameamua kubadilisha waya wote na ala yake. Wa zamani ameupa likizo, ndivyo alivyosema, tumeutundika nyumbani kwenye msumari. Mpya ameutia mafuta akaufunga. Bwana Miwani amekwenda nao Mombasa na kurudi. Haukushika hata kidogo. Baba amekula wali sahani mbili.

Nyanya amekasirika. Asema msichana mkubwa kama mimi haingii kwa kichwa ndani ya mashine, miguu nje, watu wakitazama. Hakukuwa na watu. Alikuwako Ami Bakari tu, ndugu yake Baba, anayekata nyasi za uwanja na kufukuza mbuzi.

Jumanne, 10 Julai

Waya mpya nao umeshika.

Bwana Miwani alikwenda Voi. Alipofika juu sana mkono ukawa mzito, kisha ukakataa kabisa. Aliposhuka ukaachia. Baba hakula.

Ami Bakari asema ndege ina mchumba Taita, ikifika kwao haitaki kuondoka. Mama amecheka. Baba hakucheka. Nyanya asema si mchumba, ni kupita juu ya kaya za watu bila kubisha hodi. Lakini kwenda Mombasa pia wapita juu ya watu, na waya haukushika. Sikumwambia. Si adabu.

Jambo hili siliachi. Nairobi, unashika. Voi, unashika. Mombasa, haushiki. Mombasa huenda chinichini akiifuata pwani, mpaka twaona magurudumu. Kwa hiyo si safari ndefu, ni kwenda juu. Huko juu kuna nini ambacho huku hakuna?

Alhamisi, 12 Julai

Siku mbaya. Bwana Miwani ameamua. Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya Idi, ataipeleka ndege Nairobi na hatarudi nayo. Yuko mtu ataichukua aivunje, auze vipuri. Amemwambia Baba hamlaumu, ndege imezeeka tu. Kazi ipo, atamweka kwenye ghala la nazi.

Baba ameitikia vizuri. Alipofika nyumbani ameketi barazani akiitazama mikono yake.

Mimi naogopa mawili. La kwanza, Baba kuhesabu nazi maisha yake yote. La pili, kufika Nairobi lazima apande juu. Waya utashika. Na huko hakuna bahari ya kushukia polepole mpaka uachie. Nairobi yenyewe iko juu.

Nimemuuliza Baba kama Bwana Miwani amelifikiri hilo. Akasema amelifikiri. Umemshika mara tatu akatua salama, asema atatua mara ya nne.

Jumatatu, 16 Julai

Nimebaki baada ya masomo kumwuliza Mwalimu Zuhura huko juu kukoje. Nilitaraji aniambie nikafue sare. Hakusema hivyo. Ameniketisha. Asema juu hewa ni nyepesi, tena ni baridi. Kadiri upandavyo ndivyo baridi inavyozidi, ndiyo maana Kilimanjaro ina theluji nayo iko karibu na jua kuliko sisi.

Ajabu. Ningedhani kukaribia jua ni kukaribia moto.

Basi ni baridi. Nimemwambia Baba. Amefikiri sana, kisha akasema chuma hujikunja kwenye baridi, lakini si kwa kiasi cha kushika hivyo. Hata hivyo amelifikiri. Hakuniambia nikamsaidie Mama.

Alhamisi, 19 Julai

Idi. Nguo mpya, leso mpya ya Nyanya, biriani kwa Ami Bakari. Baba amesali, amepeana mikono na kila mtu, ametabasamu inapopasa. Namjua. Hakuwa pale.

Asubuhi Mama alinisuka. Alipomimina mafuta kiganjani nikashtuka mpaka akanivuta sikio nitulie. Ile harufu ya ndani ya ndege! Ni mafuta ya nazi ya Mama. Huyapika mwenyewe, hayachanganyi na kitu, na majirani hutoka mbali kuja kuomba. Nikamuuliza yamefikaje kwenye ndege. Akasema kopo la Baba la kutoka Mombasa liliisha wakati wa masika, barabara ilikuwa matope, naye akaomba chupa. Kwani vibaya? Cherehani ya Mama huyanywa hayo hayo, na kufuli la mlango, na baiskeli ya Ami Bakari, na vyote vyaenda.

Ni kweli, vyaenda. Basi nimeipata harufu. Sijui itanisaidia nini.

Ijumaa, 20 Julai

Nimeelewa. Nitaandika polepole.

Usiku mvua ya kusi ilinyesha na alfajiri kulikuwa na baridi. Skuli bado imefungwa. Nilichukua chupa ya mafuta nijipake. Hayakutoka. Yameganda meupe mpaka shingoni mwa chupa, kama yafanyavyo kila mwaka siku za baridi. Kila msichana wa pwani alijua hilo kabla ya kujua kusoma. Huiweka chupa juani, akangoja.

Nikasimama na chupa mkononi. Kisha nikakimbilia msumarini kwenye waya wa zamani. Nikauvuta. Haukuja. Nikavuta kwa nguvu zote, ukaja kidogo, mzito. Nikautandaza juani juu ya jiwe, nikamenya mihogo yote ya Mama. Nikarudi. Laini. Nikauzamisha ndani ya mtungi ulioko upande wa upepo, ambao maji yake huuma meno. Nikangoja tena. Ukakataa.

Hakuna aliyeuona ukikataa huku chini kwa sababu Bwana Miwani huruka jua likishapanda na nyasi zikishakauka. Wakati huo mafuta ni maji. Akifika juu kwenye baridi ya Mwalimu, huganda ndani ya ala. Akishuka, huyeyuka. Waya ulibadilishwa, mafuta hayakubadilishwa.

Nilikuwa na furaha kubwa. Halafu furaha ikaisha. Mafuta hayo aliyatia Baba.

Nyanya naye akachota maji, akakuta waya. "Nani atakunywa maji ya ndege?" Akaumwaga mtungi wote. Nikaujaza upya kisimani, nikachukua ule mdogo wa kunawia, nao maji yake baridi, nikautia waya humo, nikaenda nao kwenye banda la ndege. Njia nzima niliomba Baba asiwepo. Alikuwepo, anaisafisha ndege kwa safari ya kesho.

Sikujua nianze vipi. Nikampa tu ncha ya waya. Akauvuta. Akautoa mtungini, akaunusa, akayatazama mafuta meupe yaliyotokeza kwenye ncha ya ala.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, Baba."

"Haya. Usiseme. Nitasema mimi."

Nilidhani angefuta waya usiku, abadilishe mafuta, na mambo yaishe. Angeweza. Ningenyamaza, na nisingemwona mbaya. Lakini baada ya sala ya Ijumaa alikwenda na kanzu yake moja kwa moja kwa Bwana Miwani, mtungi mkononi.

Yaliyosemwa huko nimeyapata kwa Ami Bakari, aliyekuwa akikata nyasi zilizokwisha kukatwa. Bwana Miwani alivuta, akavuta tena, akanusa vidole. Akauliza ni mafuta gani haya.

"Ya nywele, Bwana. Anapika mke wangu. Nimeyatia mimi, mara zote mbili."

Bwana Miwani aliingia ndani akakaa. Alipotoka alisema kesho Nairobi haiendeki. Kesho watapanda juu kabisa hapa hapa, karibu na bahari, wauone huo waya. Watapanda wawili. Aliyeutia mafuta atakaa kiti cha mbele.

Ami Bakari amesimulia mara tatu na kila mara amecheka penye nywele. Mama ameondoka barazani. Ameona haya kwa ajili ya mafuta yake.

Jioni Baba na mimi tumeutoa waya mpya ndegeni, tumeuosha kwa petroli mpaka harufu ya nyumbani ikatoka, tumeutia mafuta ya mashine kutoka kopo jipya alilotoa Bwana Miwani. Nimeuzamisha mtungini mwenyewe. Haukushika. Lakini mtungi si Kilimanjaro. Ninaogopa.

Jumamosi, 21 Julai

Baba hajawahi kupanda. Miaka yote ameitunza akiwa chini. Nyanya amemsomea, amempulizia kichwani, amemfunga koti la Ami Bakari vifungo vyote kama mtoto. Amemwambia akifika juu apige hodi.

Wameondoka jua likiwa juu. Walizunguka, wakazunguka, kila duara likiwa dogo machoni, mpaka ikabaki kama nzi na sauti tu. Mama hakutazama. Alishika leso yangu kwa nyuma.

Mimi sikuwa natazama, nilikuwa nasikiliza. Sauti ilikuwa moja, kali, ya kupanda. Nilingoja ipungue. Ikipungua, mkono umerudi. Isipopungua, tumekosea, au nimekosea mimi.

Haikupungua. Ami Bakari akaacha maneno yake yote. Haikupungua.

Kisha ikashuka. Ikapoa kabisa, tukadhani imezimika. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda tena, ikashuka tena, huko huko juu, kama mtu anayechezea mlango kuonyesha kwamba wafunguka.

Mama akaiachia leso yangu. Ilikuwa imekunjamana.

Walipotua Baba alishindwa kusimama sawa kwa baridi. Meno yalikuwa yanagongana. Bwana Miwani alivua miwani, akasema ndege haiendi kwa mvunjaji, wala Baba haendi ghalani. Lakini alisema pia, na mbele yetu, kwamba siku nyingine kopo likiisha aambiwe kopo limeisha. Baba akasema, "Ndiyo, Bwana." Ilikuwa haki. Iliniuma hata hivyo.

Jumapili, 22 Julai

Tumechuja petroli. Maji kidogo, hakuna mdudu.

Baba si mtu wa kusimulia. Kidogo kidogo amesema. Kwamba kisiwa cha Chale ni kidogo kama sahani. Kwamba aliona paa la skuli yangu lakini nyumba yetu hakuiona, minazi imeificha. Kwamba alipiga hodi.

Kisha, bila kunitazama, amesema Bwana Miwani aliuliza nani aliyefikiri habari ya mtungi, naye akamwambia ni mimi. Bwana Miwani akasema siku moja nitakaa mimi kiti cha mbele. Baba asema tusimwambie Nyanya bado.

Mama amepika mafuta mapya. Asubuhi ya leo chupa ilikuwa nyeupe nusu. Nimeiweka juani nikakaa nayo. Huanza kuwa maji pembeni, kwenye kioo, kisha kisiwa cheupe hubaki katikati kikielea, kisha hakuna.

Kesho nitamwuliza Mwalimu kama yaweza kupigwa hesabu. Nataka kujua ni juu kiasi gani kutoka paa letu, mahali ambapo mafuta ya Mama huanza kuganda.