Rangi ya Kijani kwenye Boti ya Limi

Nungwe, Geita
Novemba 1984

Mdogo wangu Gregory,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ushirombo, na kwamba goti la shemeji Nyamizi limepata nafuu. Sisi tu wazima, ila mvua zimechelewa. Niwie radhi kwa mwandiko.

Unaifahamu boti ya alumini niliyoinunua kwa mapadre ikiwa imekwisha kuzeeka, nikampa Limi, mtoto pekee aliyeniachia marehemu mke wangu, alipofiwa na mumewe. Kwa boti hiyo anavua sato na kuwalisha wanawe. Tangu Pasaka imekuwa ikivuja. Fundi Bujiku aliipindua ufukoni, akang'oa ribiti zilizolegea, zile pini zinazounganisha mabati, akagonga mpya, akabandika kiraka kwa lami. Haikupita wiki, maji yakaingia kando ya kiraka. Limi alimtania kwamba anagonga ribiti kama mtu anayeshona vifungo kwenye gunia. Bujiku akamjibu apunguze ugali, kwani boti haikuundwa kubeba kiboko. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Mwezi uliopita, mbali na nchi kavu, boti ilitoboka chini ya miguu yake. Aliziba tundu kwa kitenge chake, akachota maji kwa sufuria mpaka wavuvi wengine wakamfikia. Wanawe walikuwa ufukoni wakimwita.

Niling'oa mbao za sakafu, nikakwangua ile rangi ya kijani uliyotuletea mwezi Juni. Chini yake alumini ilikuwa imeota unga mweupe kama ukungu wa mkate, na kidole changu kilipenya hadi upande wa pili. Katikati vitone vya zebaki vilikuwa vikikimbizana. Huku kwetu kila mchimbaji wa dhahabu anajua kwamba zebaki haitiwi katika chombo cha alumini, kwa maana hukila.

Nilimwendea Akida, mchimbaji uliyefuatana naye Pasaka mlipoazima boti ili kuvusha mahindi. Nilimwuliza kwa adabu. Alicheka, akasema mahindi gani, Mzee. Kwamba mlijificha kwenye matete, mkaigeuza boti kuwa karai la kukamatia dhahabu kwa zebaki, kwa kuwa karai lenu lilikuwa dogo. Bati lilipoanza kuota weupe, yeye alitaka nielezwe. Wewe ulimkataza, ukasema kaka yako ni mtu wa sala, hatazami chini ya mbao.

Unisamehe, Gregory, lakini nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Rangi ile haikuwa zawadi. Uliipaka kwa mkono wako mwenyewe, huku Limi akikupikia na kukuita Baba Mdogo mwenye huruma. Ulijua, ukamwacha aingie ziwani. Bujiku naye watu wamemharibia jina kwa kosa lisilo lake.

Boti haitengenezeki tena. Limi anadhani ni uchakavu tu, na jana aliniambia atakuja kwako umsaidie kutafuta nyingine, kwa kuwa hana ndugu mwingine anayemwamini hivyo.

Sitaki fedha wala barua. Njoo mwenyewe kabla ya Majilio, umwambie ana kwa ana, wanawe wakisikia. Usipokuja, nitamwambia mimi. Na tangu hapo usibishe hodi kwangu, hata siku ya maziko yangu.

Msalimie shemeji kwa heshima zote. Samahani kwa ukali wa maneno. Sikupata mengine yaliyo ya kweli.

Kaka yako,
Theonest Mabula